Ufunguo wa Lango la Mfereji

Bwana Brigadier, kabla ya kuandika jina langu ninakuomba neno moja. Yote yaliyomo katika karatasi hizi yabaki kwako. Yasisomwe kwa sauti mbele ya askari wengine, yasitajwe kwenye simu, na hasa yasifike ofisini kwetu kabla Mama Alima hajatoka katika chumba mlichomfungia. Baada ya hapo jina langu lifanyiwe litakalofanyiwa. Lakini majina ya wenye bustani ninaomba yasitoke kamwe. Nimeyataja kwa sababu bila hayo maelezo yangu hayasimami. Umenikubalia kwa kichwa tu. Ninaandika nikikitegemea kichwa hicho.

Nimeomba kuandika kwa mkono wangu mwenyewe, na kwa Kiswahili, ingawa Kifaransa nilikisoma kwa mapadri miaka minane. Mkuu wangu wa kazi hasomi Kiswahili.

KITUO CHA POLISI, ÉLISABETHVILLE
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Lucien Kunda
Umri: miaka 22
Kazi: karani, ofisi ya maji
Makazi: nyumba ya baba yangu, mtaa wa Albert
Dini: Mkatoliki
Tarehe: Ijumaa, 12 Oktoba 1951
Saa ya kuanza: saa tatu na dakika ishirini asubuhi

Nilianza kazi katika ofisi ya maji tarehe 2 Januari 1950. Ninapiga taipu barua, ninaandika kimo cha maji katika daftari, na ninatunza kabati la funguo. Mkuu wangu ni Bwana Delvigne.

Mfereji unaohusika unatoka kwenye kijito kilicho juu ya Karavia. Kwenye lango la maji, ambalo ofisini tunaliita vane, maji hugawanyika. Mkono wa kulia unakwenda kwenye bwawa la kuogelea la Wazungu na kwenye nyasi za viwanja vyao. Mkono wa kushoto unakwenda kwenye bustani tisa za mboga za watu wetu. Toka mwezi wa tano mpaka mwisho wa mwezi wa kumi mvua hainyeshi, nawe unajua. Kwa miezi hiyo mchicha wa lengalenga, kabichi na vitunguu vya soko la mtaani kwetu vinatoka kwenye maji kama hayo. Mama yangu mwenyewe hununua pale.

Bustani ya tisa, iliyo mwisho kabisa wa mfereji, ng'ambo ya njia ya reli, ni ya Mama Alima. Ni mjane wa miaka arobaini na tano hivi, Mwislamu, wazee wake walitoka Kasongo, Maniema. Bustani yake si kama nyingine. Udongo wake ni mweusi na laini, kwa hiyo wenye bustani wote tisa walipatana tangu zamani kwamba miche ikuzwe kwake. Mwezi wa nane anasia mbegu za kabichi, nyanya na vitunguu kwenye matuta kumi na moja. Mvua ya kwanza ikinyesha, kila mmoja anakuja kuchukua miche yake. Miche ikifa kwa Mama Alima, bustani zote tisa hazina cha kupanda.

Ni yeye pia aliyekuwa anatunza kopo. Kopo hilo liko hapa kituoni, juu ya rafu iliyo nyuma yako, kando ya kofia. Ni kopo la maziwa lenye tundu dogo chini, tundu la sindano. Linawekwa juu ya maji katika beseni. Maji yanaingia taratibu mpaka kopo linazama. Likizama mara mbili, zamu ya mtu imekwisha, naye anaita kwa sauti ili jirani afungue mdomo wa mfereji wake. Nimelipima kwa saa yangu: kuzama mara moja ni dakika ishirini na saba.

Kuna mambo mawili ambayo sikuyajua, na ilikuwa kazi yangu kuyajua. La kwanza: kopo haliwekwi majini mpaka maji yafike na kulowesha tuta la kwanza la mwenye zamu. La pili: zamu zilianzia mwisho wa mfereji, kwa Mama Alima, zikapanda kurudi langoni. Hivyo mfereji mkavu ulilowa mara moja tu kwa siku.

Mnamo tarehe 23 Agosti 1951 kijito kilipungua sana. Bwana Delvigne aliniagiza nitengeneze orodha ya zamu kwa saa, si kwa kopo. Alisema serikali haigawi maji kwa takataka za jikoni. Bustani zingepata maji kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tisa mchana. Baada ya hapo, na Jumapili siku nzima, maji yote yangekwenda mkono wa kulia. Muda wa saa tisa, bustani tisa. Nilifurahi kuona hesabu inakaa sawa namna hiyo. Nikampa kila mtu saa moja.

Kisha nikawapanga kwa herufi.

Hakuna aliyeniambia niwapange kwa herufi. Shuleni orodha yoyote tuliipanga hivyo, na mimi sikuwahi kufika ng'ambo ya reli kuona bustani ipi inafuata ipi. Mama Alima akawa wa kwanza, saa kumi na mbili mpaka saa moja. Wa pili akawa Bahati, fundi viatu, ambaye bustani yake ndiyo ya kwanza kutoka langoni. Mnamo tarehe 27 Agosti Bwana Delvigne alitia sahihi. Alinipiga begani akasema orodha ni safi, na kwamba tarehe 31 Oktoba jina langu litapelekwa ili niwe karani wa kudumu. Nilimwambia baba yangu jioni ile ile. Baba ni mtu wa reli. Alivua saa yake ya mkononi akanipa.

Katika kanuni niliyoipiga taipu pamoja na orodha, kifungu cha sita kinasema kwamba mtu akimwachia mwingine zamu yake, wote wawili wanafungiwa maji siku tatu. Mlinzi wa mfereji, Léonard, alipewa nakala. Hajui kusoma, lakini aliikariri yote.

Orodha ilianza kutumika Jumatatu, tarehe 3 Septemba.

Mnamo tarehe 6 Septemba, saa nne asubuhi, Mama Alima alikuja dirishani kwangu. Alisema:

"Jambo yako, karani. Banasema miye njo wa kwanza mu kartasi ya Leta."

Leta kwao ni serikali, na njo ni ndiye. Nikamjibu ndiyo, ni wa kwanza kabisa.

"Basi wa kwanza hajakunywa. Siku ine leo. Unipatie nafasi ya mwisho, baba, maana wa mwisho njo anakunywa."

Nilimweleza kwamba saa yake ni kumi na mbili, na kwamba lazima aamke mapema. Alicheka sana, mpaka watu waliokuwa kwenye foleni wakageuka.

"Mutoto yangu, miye naamukia kuswali mbele ya jogoo yenu ya misioni kufungula macho. Si miye niko nachelewa. Ni maji."

Nikamwambia nitaangalia. Sikuangalia.

Mnamo tarehe 15 Septemba, Jumamosi, saa tano kasorobo, alirudi. Safari hii hakucheka. Alifungua jani la mgomba akaweka juu ya mashine yangu ya taipu miche iliyonyauka, kama nyuzi. Alisema:

"Hii njo kabichi yenu ya mwezi wa kumi na mbili. Uandike mu kitabu yako."

Bwana Delvigne akatoka chumbani mwake wakati huo huo. Aliniuliza kwa Kifaransa mama huyu anataka nini. Mama Alima hajui Kifaransa. Alitutazama, mara yeye, mara mimi. Nilimjibu Bwana Delvigne kwamba anatoa shukrani kwa kuwekwa wa kwanza katika orodha.

Ninaandika neno hili ingawa hujaniuliza. Bwana Delvigne alitabasamu, akamtikisia Mama Alima kichwa, na Mama Alima akadhani amesikilizwa. Aliondoka akiniombea baraka.

Usiku ule sikulala. Mnamo tarehe 17 Septemba, Jumatatu, niliomba ruhusa ya kwenda kusoma kimo cha maji. Saa kumi na mbili kamili Léonard alifungua lango, na mimi nikatembea pamoja na maji. Nilikuwa sijawahi kufanya hivyo. Kichwa cha maji hakikimbii kama nilivyodhani. Kinaingia katika nyufa, kinajaza mashimo ya panya, kinasimama, ndipo kinasogea tena. Saa kumi na mbili na nusu kilikuwa bado kwa Hortense, mwenye bustani ya tatu. Alikuwa anapalilia. Aliniambia:

"Karani, leo unachunga maji kama mbuzi?"

Saa moja kasoro dakika tano maji yalipita chini ya reli. Nilimwona Mama Alima kwa mbali amesimama kwenye tuta la kwanza, amekunja kitenge, jembe mkononi. Saa moja kamili Léonard alipiga filimbi, na Bahati akafungua mdomo wake kule juu. Maji yaliyokuwa mbele yangu yakapungua nguvu. Yakasimama. Udongo ukayanywa nikiyatazama. Nilihesabu hatua toka mahali yalipokauka mpaka tuta la Mama Alima. Ni hatua mia mbili na kumi.

Hakunifokea. Alisema tu:

"Sasa unaona."

Nilirudi ofisini nikaandika barua kwa Bwana Delvigne, ukurasa mmoja, nikieleza kwamba kosa ni langu, kwamba orodha ifuate mfereji na si herufi, ianzie mwisho. Niliiweka ndani ya droo niisome tena kesho yake kabla ya kuipeleka. Iko hapa, nimeiambatanisha. Tarehe yake ni 17 Septemba. Ilikaa drooni siku ishirini na tano. Kila asubuhi niliitoa na kila asubuhi niliirudisha. Niliwaza juu ya tarehe 31 Oktoba. Niliwaza saa ya baba. Nilijiambia pia kwamba mvua zinaweza kuwahi. Hazikuwahi.

Katika siku hizo Bahati alijaribu kuuacha mdomo wake umefungwa kwa robo saa, ili maji yafike chini. Léonard aliona. Bahati na Mama Alima walifungiwa maji siku tatu, kwa kifungu cha sita. Ni mimi niliyeandika taarifa hiyo katika daftari.

Mnamo tarehe 4 Oktoba, Alhamisi, saa kumi na moja jioni, nilikutana na Mama Alima njia ya kwenda sokoni. Alikuwa na ndoo mbili tupu. Alisema matuta manane yamekufa, yamebaki matatu, na kwamba yeye na Hortense wanabeba maji toka kisimani, lakini kisima kimeanza kutoa tope. Nilimuuliza matatu hayo yatavumilia mpaka lini.

"Mpaka kesho kutwa. Tukibahatika, Jumatatu. Mvua ikikuja batapanda nini? Batapanda kartasi yako?"

Kisha akanishika mkono, akasema pole, hakutaka kunisema vibaya.

Hakuniomba ufunguo. Ninarudia jambo hili kwa sababu katika barua ya ofisi imeandikwa kwamba aliuiba. Ni mimi niliyesema kwamba Jumapili lango liko upande wa kulia siku nzima, kwamba Léonard anakwenda misa kubwa saa tatu, na kwamba kabati la funguo liko kwangu. Alitazama ndoo zake. Akasema:

"Batakufukuza."

Nikamwambia hakuna atakayejua.

"Mutoto yangu, maji ikipungua ku Muzungu, anajua mbele ya samaki."

Lakini alikubali, kwa sharti moja. Alisema hatachukua zaidi ya zamu yake. Kopo lizame mara mbili, kisha lango lirudishwe. Alisema, "Miye si mwizi. Nadai ile saa moja ya kartasi yako."

Jumamosi, tarehe 6 Oktoba, saa sita mchana, ofisi ilipofungwa, nilichukua ufunguo wa kufuli la lango nikauweka ndani ya soksi ya mguu wa kushoto.

Jumapili, tarehe 7 Oktoba, saa tatu na dakika tano asubuhi, nilifungua kufuli na kugeuza lango kwa mikono yangu. Mama Alima hakuwapo langoni. Alikuwa kwake, ng'ambo ya reli, akitayarisha beseni. Nilishuka na maji. Nilikuwa na hofu kwamba wale wanane wangeona maji yanapita na kuyavuta, kwa maana hata wao bustani zao zilikuwa na kiu, na Jumapili hakuna mlinzi. Nilikuta kila mmoja amesimama kwenye mdomo wa mfereji wake, ameuziba kwa tope na magunia. Mama Alima alikuwa amepita kwao jana yake. Hortense alikuwa ameketi juu ya wake kabisa.

"Nimekalia mudomo na matako yangu yote," aliniambia. "Maji ipite kama inaweza!"

Watu walicheka. Bahati alimwambia maji ya Karavia hayajawahi kuona ukuta mnene kama ule. Mimi sikuweza kucheka, nilikuwa natazama barabara.

Maji yalifika kwenye tuta la Mama Alima saa nne na dakika kumi na mbili. Toka langoni ni saa moja na dakika saba. Hapo ndipo alipoweka kopo ndani ya beseni. Tulichuchumaa kulitazama. Alielekeza maji kwenye matuta matatu kwa kisigino, bila jembe, taratibu, ili miche isilale. Kopo lilizama mara ya kwanza saa nne na dakika thelathini na tisa. Alilimwaga akaliweka tena. Aliniambia niondoke kwenda langoni, ili nifike wakati kopo linapozama mara ya pili.

Nilikuwa nimesimama tayari aliponivuta shati. Alikuwa ameona kofia za askari juu ya reli. Alisema neno moja tu: "Matete."

Niliingia ndani ya matete. Palikuwa na hatua kumi hivi toka nilipolala mpaka beseni. Niliona na kusikia yote. Bwana Delvigne alikuja na askari wawili. Alikuwa na taulo shingoni. Aliuliza, na askari akatafsiri:

"Nani alifungula lango?"

"Miye."

"Na nani?"

"Na Mungu."

"Ufunguo iko wapi?"

"Nilitupa mu mufereji."

Ufunguo ulikuwa ndani ya soksi yangu. Uliniumiza kifundo cha mguu wakati ule wote.

Askari alipiga beseni teke. Kopo lilikuwa halijazama. Mama Alima aliinama kuliokota, akanyang'anywa. Aliwaambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemweleza jirani, kwamba bado kidogo, wangoje lizame, kisha atawafuata. Hawakungoja. Walimfunga mikono. Alipopitishwa mbele ya matete hakutazama upande wangu.

Sikutoka. Nilikaa mle mpaka saa sita na robo.

Tangu Jumatatu, tarehe 8 Oktoba, wafungwa watano wanachimba tope la mfereji wakitafuta ufunguo. Bwana Delvigne aliniamuru nisimame juu yao na kuandika. Katika daftari langu kuna maneno haya mara nne, kwa mwandiko wangu: "Ufunguo haujaonekana." Ni maneno ya uongo, mara zote nne. Mfungwa mmoja aliniuliza kama ufunguo huu ni wa dhahabu ya Leta mpaka unatafutwa hivi. Nilimwambia afanye kazi.

Kwa sababu ya kuchimba huko maji ya bustani yanafunguliwa mchana tu, saa saba, na Léonard amewekwa kulinda wafungwa, haangalii tena orodha. Wenye bustani wamerudia zamu yao ya zamani, toka mwisho kupanda juu. Lakini hawana kopo. Wanapima kwa kikombe walichokitoboa kwa msumari, na tundu ni kubwa, kinazama upesi kwa wengine na polepole kwa wengine kwa sababu ya tope. Jana walikaribia kupigana kwa majembe.

Jana hiyo hiyo, Alhamisi tarehe 11 Oktoba, saa nane mchana, Bwana Delvigne aliniita na kuniamuru niandike barua kwa wakubwa wa wilaya. Ni mimi niliyeipiga taipu. Inasema kwamba mwanamke Alima aliiba ufunguo wa serikali, kwamba anachochea watu, kwamba atolewe mjini na apelekwe kukaa Mitwaba kwa muda usiojulikana. Lori linaondoka kesho, Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi. Nilipofika kwenye neno Mitwaba vidole vilikosea mara tatu, ikabidi nianze karatasi mpya. Bwana Delvigne aliniuliza kama ninaumwa.

Mitwaba ndiko kwao baba yangu. Nakujua. Mama Alima hana mtu kule, hajui lugha ya kule, hana msikiti wala kaburi la mumewe.

Leo asubuhi, saa moja na nusu, Hortense alinisimamisha mbele ya nyumba yetu. Alikuwa na ndoo kichwani. Baba yangu alikuwa mlangoni, akisikia sauti tu. Hortense alisema:

"Karani wa A-B-C. Mwenzako ni A. Amekwenda. Kesho ni nani, B? Unifikirie miye, niko H, niko na wakati ya kufunga bitu yangu."

Alipokwisha kwenda, baba aliniuliza mama yule anasema nini. Nilifungua kinywa nimwambie kwamba anatoa salamu. Halafu nikamwambia yote. Baba alitazama saa iliyo mkononi mwangu, akasema kituo cha polisi kinafunguliwa saa tatu.

Kwa hiyo ninaweka mezani pako: ufunguo mmoja wa shaba wenye namba 4, barua yangu ya tarehe 17 Septemba, na orodha ya zamu yenye sahihi, ambayo kosa lake ni langu na si la mwingine. Mama Alima hakuiba. Hakufungua lango. Alipokea maji ya saa moja aliyopewa na karatasi ya serikali yenyewe, na hata hayo hakuyamaliza.

Ninaomba pia kopo. Halina thamani kwa kesi hii, lakini leo saa saba watalihitaji.

Nimesema nilichokiona kwa macho yangu na nilichokifanya kwa mikono yangu. Sijaongeza wala kupunguza, na mahali nilipojificha nimepaandika.

Kuhusu namna ya kunipata. Msinitafute ofisini, baada ya karatasi hizi sidhani kama nitakuwa na meza. Msimtume askari nyumbani, mama yangu ana presha. Piteni njia ya soko, vukeni reli, fuateni mfereji mpaka unapoishia. Bustani ya tisa haina mtu, na matuta yake matatu bado ni mabichi. Nitakuwa pale kila siku kuanzia saa saba, mpaka mwenyewe arudi. Kama mmekuja kunikamata, sitakimbia wala sitaingia tena katika matete. Ila mkinikuta nimechuchumaa mbele ya beseni, ninawaomba mngoje kopo lizame mara mbili. Kisha nitawafuata.

(Sahihi) Lucien Kunda

Maelezo haya yameandikwa na shahidi mwenyewe mbele yangu, kurasa saba, nikamsomea, akakiri kuwa ni yake. Yamekwisha saa sita kasoro dakika kumi. Nimepokea ufunguo, barua na orodha. Nimekwenda na ufunguo huo kwa Kamisaa wa polisi mwenyewe, mkononi, kabla ya chakula. Lori la kesho limeandikiwa lisimchukue mwanamke Alima mpaka kesi isikilizwe upya.

Kopo moja bovu, lenye tundu, halikuwa limeandikwa katika daftari la vielelezo. Nimempa shahidi. Aliomba ruhusa ya kukimbia.

Brigadier Adalbert Mwilambwe